Kitovu Chini ya Wizara

Nchi ninayowasimulia msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe walimwomba mchora ramani aiache, naye ana watoto, akaiacha. Ni nchi nzuri sana. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba nilisema. Ina Mji mmoja na vijiji visivyo na idadi. Kila kilichomo Mjini, kuanzia Ikulu hadi choo cha stendi, kilijengwa na watu kutoka vijijini, na kila kazi ilipokwisha watu hao walishukuriwa kwa heshima zote wakaombwa warudi upande wao wa uzio.

Upande huo unaitwa Kambi. Ni mabanda ya mabati, na langoni kuna bango kubwa: KARIBU UJENGE. ASANTE KWA KUONDOKA. Waliokaa humo walikaa kwa muda tu, wengine mwaka mmoja, wengine ishirini na sita.

Mimi naitwa Machano, karani daraja la tatu katika Wizara ya Hamu. Watu wa nje wakisikia jina la wizara yetu hucheka. Wacheke tu. Wizara hii ilizaliwa kwa sababu nzito. Asubuhi moja gari la Mheshimiwa Ndibalema, wakati huo akiwa Waziri wa Makazi, lilizimika karibu na uzio wa Kambi. Akiwa anasubiri, akaona kopo la rangi lililojazwa udongo, na ndani ya kopo mchicha. Msinielewe vibaya, Mheshimiwa haogopi mboga. Kilichomtia hofu ni kwamba mchicha wenyewe ulikuwa mdogo.

"Huyu mtu anasubiri ukue," alimwambia dereva. "Ukikua atachuma, halafu atapanda mwingine. Anakusudia nini?"

Dereva hakujua. Baraza zima la mawaziri likakaa siku tatu, nalo halikujua. Basi ikaundwa Wizara ya Hamu, akakabidhiwa yeye, ili taifa lijue ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu aliyeletwa kubeba zege aanze kutaka kubaki.

*

Siku ya uzinduzi watu wa Kambi walipangwa uwanjani tangu alfajiri, kwa urefu. Mheshimiwa alifika saa saba mchana, akapanda jukwaani, akafuta jasho ambalo wengine ndio waliokuwa nalo.

"Ndugu wananchi wa muda!" alisema. "Serikali yenu ya kudumu imesikia kwamba baadhi yenu mna hamu. Hamu si kosa. Narudia, kwa sasa hamu si kosa. Sisi tunataka kuipima tu. Daktari akikupima homa, amekuchukia?"

"Hapanaaa!" watu wakaitika, kwa kuwa walishaelekezwa waitike kila atakapoinua leso.

"Basi kila mtu atahojiwa. Mume kwa nafasi yake, mke kwa nafasi yake. Mtoto atachukua alama za mama yake, kwa sababu mtoto hana hamu zake mwenyewe, ana njaa tu. Jibuni ukweli. Serikali inapenda ukweli kuliko kitu chochote."

Akainua leso tena kupangusa shingo, na watu wakaitika "Hapanaaa!" Bahati mbaya tu. Mkuu wa itifaki alihamishwa jioni ile ile.

Dodoso lenyewe liliandikwa na wasomi tisa waliofungiwa hotelini miezi minane. Lilikuwa na maswali mia tatu na kumi na mawili, na haki ya Mungu sijawahi kuona kazi safi kama ile. Swali la 17: Mvua ikinyesha, wazo lako la kwanza ni mahindi au foleni? Swali la 58: Nyumba unayoiota ndotoni ina mlango wa mbao au wa chuma? Swali la 190: Ukifa, na tunaomba radhi kwa usumbufu, ungependa kuzikwa wapi, na je, kuna haja ya kusubiri? Kila jibu lilikuwa na alama zake, na mwisho unajumlisha unapata hamu ya mtu kuanzia sifuri hadi mia.

Alama zilikuwa za nini, hatukuambiwa. Nilimuuliza bosi wangu siku moja, kwa adabu zote. Akaniambia, "Machano, wewe andika." Nikaandika.

Kambini kila mtu alikuwa na habari zake. Wengine walisema ukipata alama nyingi unapewa chumba cha matofali na namba ya nyumba. Wengine wakasema hapana, mwenye alama nyingi anapewa kitambulisho cha Mji, na mtoto wake anaingia darasani bila kukaa nyuma kwenye benchi la Kambi. Kulikuwa na mzee mmoja wa kupiga lipu, kazi yake yote ilikuwa kusema tu, "Mimi naona tujibu katikati." Hakuna aliyemsikiliza, maana alikuwa na tabia ya kununa.

*

Sasa kuna watu wawili nilitaka muwajue.

Masunga alikuwa fundi wa marumaru, na hapa sisemi kwa kumpamba: sakafu zote nzuri za Mji huu ni mikono yake. Sakafu ya jengo la wizara yetu aliilaza yeye, miaka saba iliyopita, kabla halijawa letu, pale mapokezi ambapo wageni hujiona mpaka pua wakiinama. Mkewe Nyamizi alikuwa mama lishe. Alipika ugali na maharage chini ya turubai, na mimi nilikula kwake kila mchana, kwa sababu maharage ya kantini ya wizara yana mawe na huruhusiwi kulalamika. Walikuwa na mtoto mmoja, Kalunde, wa darasa la kwanza, mwenye mwanya na maswali mengi. Alizaliwa papo hapo, kwenye banda la kuwekea saruji, jengo hilo likiwa bado nguzo tupu.

Mume na mke hao walipendana, lakini kwa jambo moja walikuwa hawapatani. Masunga alikuwa akijenga nyumba kijijini kwao. Vyumba vitano, bati la rangi, madirisha ya vioo. Kila mwaka alikwenda siku kumi akaongeza kitu, na kila mwaka alikuta popo wameongezeka.

"Nyumba ya popo," Nyamizi alimwambia mbele yangu, huku akipakua. "Unawawekea dari, mwakani utawawekea kitanda."

"Mama Kalunde, mtu lazima awe na kwao."

"Nani kakataa? Mimi nasema kwetu ni hapa. Bomba lipo, shule ipo, zahanati ipo. Kule mwanao akishikwa homa tutambeba kwa machela mpaka mto ukubali kupungua. Kakaangu alikufa akisubiri mto. Wewe unalijua hilo."

Masunga akamega tonge. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena mwoga kidogo, kama wote tulivyo.

"Siku ya kuhojiwa," akasema baadaye, "sema unataka kurudi. Wakubwa hufurahi ukisema unataka kurudi. Usijifanye mjuaji."

"Nitasema hivyo hivyo, baba," Nyamizi akamjibu. "Si kwa ajili ya wakubwa. Kwa ajili yako, ili ulale."

*

Masunga nilimhoji mimi mwenyewe. Mvua? Mahindi. Mlango? Wa mbao. Kuzikwa? Kijijini, kando ya baba yake. Alijibu maswali yote bila kuinua macho, na nilipojumlisha alipata tisa. Nikampongeza, sijui kwa nini. Mtu hupenda kusema kitu.

Nyamizi alikuja siku ya pili akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Alianza vizuri. Mahindi, mbao, kijijini, kijijini. Kufikia swali la mia mbili alikuwa na alama thelathini tu, nusu ya hizo alizipata kwa kujisahau kutabasamu nilipotaja bomba.

Tukafika swali la 214. Swali hilo lilitungwa na msomi mmoja aliyegundua kwamba watu wa vijijini wana desturi: kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka, bibi mzaa baba hukizika nyumbani kwao, karibu na ghala la nafaka, na tangu hapo mtoto huyo hata akienda mwisho wa dunia anajua kwao ni pale. Hata aliyezalia Mjini hukifunga kitovu kwenye kitambaa akakituma kwa mtu anayekwenda. Msomi huyo alipewa nishani.

"Swali la mia mbili na kumi na nne," nikasoma. "Kitovu cha mtoto wako kimezikwa wapi?"

Nyamizi akatazama mikono yake. "Kilipotea," akasema.

Hapa ningeweza kuandika *kilipotea* nikaendelea na la 215. Nawaambieni kabisa, kisanduku cha *kilipotea* kilikuwepo, na kilikuwa na alama mbili tu. Lakini mimi ni karani mzuri. Niliona jicho lake limeruka, nikaweka kalamu chini.

"Mama Kalunde," nikamwambia, "mimi nakula kwako kila siku. Mimi si mtu baki. Sema ukweli. Serikali inapenda ukweli."

Akanitazama. Kisha uso wake ukafunguka, na nikaona furaha ambayo mtu hukaa nayo miaka mingi bila kumpata wa kumwambia.

"Kiko kwenu," akasema.

"Kwetu wapi?"

"Wizarani. Mama mkwe alituma mtu aje kukichukua, nikamwambia kimepotea, na Baba Kalunde naye akaniunga mkono, ingawa hajapenda mpaka leo. Nilikizika mimi mwenyewe, kabla hawajamwaga zege la sakafu. Ukiingia mapokezi, mkono wa kushoto, kwenye kona. Nilisema mwanangu hataenda kuzikiwa kitovu mahali ambapo hataishi. Hapa ndipo kwao. Nikipita nje na sufuria zangu nikaliona lile jengo kubwa, nacheka peke yangu. Watu wanadhani nimechanganyikiwa."

Niliandika yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu wa mlalo. Alipata tisini na sita. Aliponyanyuka alinishukuru, kisha akasema nipite mchana, leo kuna dagaa.

*

Fomu ile ilipanda juu kwa kasi ambayo sijaona barua ya likizo ikipanda. Kesho yake asubuhi kona ya mapokezi ilikuwa imezungushiwa kamba nyekundu na askari wawili wamesimama wakiitazama sakafu. Mheshimiwa alikataa kupita pale. Siku tatu waziri wa serikali aliingia ofisini kwake kupitia dirisha la jiko, akisukumwa kwa nyuma na wasaidizi wake, na wageni wa ubalozi mmoja nao wakaingizwa hivyo hivyo, wakidhani ni mila yetu.

Mwanasheria wa wizara aliitwa. Ni mtu wa kuheshimika sana, hasemi kitu bila kukohoa kwanza.

"Mheshimiwa, tatizo ni hili," akasema, na mimi nilikuwepo nikiandika kumbukumbu. "Sheria yetu wenyewe inatambua mila za vijijini, ili tusilazimike kuwapelekea sheria nyingine. Kwa mila hizo, mtu ni wa mahali kilipo kitovu chake, na mahali hapo ni pake. Kwa hiyo, ukiisoma kwa ukali, wizara hii imepanga kwa mtoto wa darasa la kwanza."

Mheshimiwa alivua miwani, akaivaa, akaivua.

"Ana miaka mingapi?"

"Saba, Mheshimiwa. Ana mwanya."

"Wako wangapi wengine?" Mheshimiwa akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya majengo yote. Benki. Bunge. Chini yake kuna nini?"

Wakubwa wote wakatazama miguu yao, kisha mmoja baada ya mwingine wakaiinua kidogo kutoka sakafuni.

*

Wiki iliyofuata redio ilitangaza maana ya alama. Nilikuwa pale chini ya turubai, sahani mkononi, Nyamizi amesimama na mwiko. Mheshimiwa mwenyewe alisoma.

"Wataalamu wamekamilisha uchambuzi," alisema. "Wamebaini kwamba mwenyeji wa kweli hana hamu ya kukaa Mjini. Yeye anakaa tu. Niulizeni mimi, nina hamu ya kukaa Mjini? Sina hata chembe, na ndiyo maana nakaa. Mwenye hamu ya kukaa, kwa kauli yake mwenyewe, bado hajakaa. Ambaye hajakaa ni mgeni. Na mgeni aliyezidisha siku zake, serikali itamsaidia usafiri. Wenye alama chini ya ishirini wataendelea kujenga, kwa kuwa wamethibitisha kuwa hawana nia mbaya."

Nyamizi hakuangusha mwiko. Aliuweka juu ya kifuniko, polepole, akanigeukia.

"Kaka Machano," akasema. "Tisini na sita ni chini ya ishirini?"

Nilimwambia kwamba idara ya usafiri ni nyingine kabisa, iko mlango wa pili, mimi ni wa dodoso. Ni kweli kabisa. Sikumaliza chakula siku ile, lakini nadhani ni joto.

Malori yakaanza. Yalipakwa rangi za kupendeza, njano na kijani, na ubavuni yameandikwa SAFARI NJEMA. Yalikuja saa mbili asubuhi, saa za kazi, kila kitu wazi, maana serikali haina la kuficha. Siku ya kwanza banda la kwanza likawa tupu, siku ya pili la pili. Nyamizi aliyekuwa akipakua sahani sitini mchana akawa anapakua arobaini, kisha ishirini na mbili, na walaji walikula wakiwa wameinama bila hata kuomba pilipili. Masunga alikwenda mlango wa pili akasimama kwenye foleni siku nne kumwombea mkewe. Kila siku alijibiwa vizuri. Siku ya nne waliandika jina lake, wakamwuliza kama anaijua sakafu ya mapokezi ya Wizara ya Hamu.

"Naijua," akasema.

"Basi njoo uivunje."

*

Alivunja yeye. Nani mwingine angeweza, bila kuharibu marumaru za jirani? Vijana wakavunja zege, wakachimba. Daktari wa serikali alipiga magoti shimoni na kibano, na Mheshimiwa alisimama mbali akichungulia nyuma ya askari. Walichimba kimo cha mtu. Waliona kizibo cha chupa, misumari, na kiatu kimoja cha fundi. Kitovu hakikuonekana.

"Miaka saba, Mheshimiwa," daktari akasema. "Kitakuwa kimekwisha kuwa udongo."

"Udongo upi?"

Daktari akatazama shimo, akatazama lundo. "Wote," akasema.

Ndipo Mheshimiwa alipotoa agizo ambalo, mniwie radhi, mpaka leo nalitafakari. Udongo wote uliotoka kwenye shimo lile ukatiwa kwenye viroba. Vikawa viroba kumi na vinne. Vikashonwa, vikapigwa muhuri, vikaandikwa jina la mtoto, ili aondoke na mahali pake pote na asibakize dai lolote.

Siku ya safari yao Masunga alikuwa mapokezi, analaza marumaru mpya. Hakuruhusiwa kutoka, kwa sababu gundi ikishapakwa haisubiri, na Mheshimiwa alikuwa na wageni mchana. Mimi nilikuwa nje na orodha. Nyamizi alipanda na sufuria mbili. Kalunde alipanda na sare ya shule na begi, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu na hakuna aliyemweleza vinginevyo. Wakamkalisha juu ya viroba.

"Baba Machano," akaniita kutoka juu, "huko tunakokwenda ni kwetu?"

Nilikuwa na orodha mkononi. Kulikuwa na safu ya jina, safu ya alama, safu ya viroba. Safu ya mahali wanakokwenda ilikuwepo pia, nayo ilikuwa tupu kwa watu wote, juu mpaka chini.

"Mwulize mama," nikamwambia.

Nyamizi hakunitazama. Alikuwa anaangalia mlango wa wizara. Ndani tulisikia nyundo ya mpira ya Masunga ikigonga marumaru, ko, ko, ko, kisha lori likawashwa na nyundo ikanyamaza. Msimamizi akafoka, ikaanza tena.

*

Ilipita wiki ya kwanza, na ya pili. Barua zikaanza kuja kutoka vijijini. Zote ziliuliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba wamesikia ndugu zao wanarudishwa, wamefagia vyumba, wanasubiri, mbona hawafiki? Tulizipokea, tukazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, tukazipeleka mlango wa pili. Mlango wa pili siku hizi umefungwa kwa ukarabati.

Jumanne ya wiki ya tatu Masunga akaja dirishani kwangu. Alikuwa ameoga, amenyoa, amevaa shati la kupiga pasi.

"Karani," akasema, "nataka kupimwa upya."

"Fundi, wewe una tisa. Tisa ni alama nzuri sana."

"Nimempigia mama simu. Hawajafika. Nimempigia jirani, nimempigia katibu wa kijiji. Lori halijaonekana kwenye daraja lolote. Nipime. Nataka kupandishwa lori hilo hilo, popote linapokwenda."

Nilitoa fomu. Mwananchi ana haki ya fomu. "Una hamu ya kukaa Mjini?" nikasoma.

"Ninayo. Andika mia."

"Si mimi ninayepanga, fundi. Eleza."

Akaanza kueleza, na mwanzoni nilijua anasema ya kukariri: bomba, shule, zahanati. Nilimwona anayasema kwa sauti ya mkewe. Halafu akasimama katikati ya neno, akashika ukingo wa dirisha langu.

"Nikuambie kitu, Machano? Kila nyumba niliyolaza sakafu, siku ya mwisho nilibaki nyuma. Nikavua viatu. Nikatembea chumba hadi chumba, peku, kabla wenyewe hawajaja. Nikajifanya namwita Kalunde aje kula. Miaka kumi na tisa. Ile nyumba ya kijijini nilikuwa najenga kwa woga, ili siku mkinifukuza nisionekane sina pa kwenda. Nyamizi alikuwa anasema kweli na mimi nilikuwa nasema uongo, nikamfundisha na yeye aseme uongo, na aliposema kweli nikakasirika. Nataka kukaa hapa. Nataka kukaa hapa na wao mpaka nizeeke. Sijawahi kutaka kitu kingine."

Machozi yalimtoka mtu mzima yule mbele ya foleni nzima, na hakuyafuta. Mimi nimehoji watu elfu nne na kitu. Sijapata kuona hamu kama ile, na nasema hapa hadharani kwamba ilikuwa ya kweli, kama kuna mtu anataka kunichukulia hatua anichukulie.

Lakini kuna kanuni ya ishirini na moja. Ilitoka Ijumaa. Inasema mtu yeyote atakayedai kuwa na hamu ya kukaa, baada ya kujua kwamba wenye hamu wanaondolewa, atahesabiwa kuwa ana hamu ya kuondoka. Na mwenye hamu ya kuondoka hana hamu ya kukaa. Kwa hiyo ni sifuri. Mwenye sifuri ndiye mfanyakazi anayeaminika kuliko wote, na haruhusiwi kutoka Mjini hadi ujenzi utakapokamilika.

Nilimsomea yote, taratibu, mara mbili. Nikaandika sifuri. Nikamgeuzia fomu aweke sahihi, naye akaweka, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Ujenzi utakamilika lini?" akauliza.

Nilifungua kitabu cha kanuni. Nilianza ukurasa wa kwanza nikaenda mpaka wa mwisho, kisha nikarudi kuanzia mwisho, kidole kikifuata mstari kwa mstari, na Masunga akasubiri, na foleni yote nyuma yake ikasubiri. Haikuandikwa popote.